Ndoo Nne za Achari

Mfuniko wa kwanza uliruka Jumatano asubuhi, saa moja na dakika zake, ukagonga bati la jikoni na kumwangukia jogoo. Leonia alikuwa uani anafua. Aliliacha shuka kwenye beseni, akasimama na mapovu mpaka viwikoni, akaukodolea macho mlango wa jiko. Kabla hajavuta hatua, ukaruka wa pili.

"Ferdinandi!" aliita. "Ferdinandi, njoo! Achari inapumua!"

Na kweli ilikuwa inapumua. Ndoo nne za achari ya harusi, embe bichi na karoti na ndimu na pilipili mbuzi, ambazo tangu Jumapili zilikuwa zimekaa kimya kwa adabu, sasa zilikuwa zinachemka bila moto. Povu jeupe lilipanda hadi ukingoni likateremka ubavuni. Vipande vya embe vilipanda juu, vikageuka, vikazama, vikapanda tena. Jiko zima lilinuka utamu mkali wa kuwasha pua.

Ferdinandi, mumewe, aliingia na mswaki mdomoni. Akanusa. Akautoa mswaki, akanusa tena, na uso wake ukachangamka kama wa mtu aliyekutana na rafiki wa zamani stendi. Akachovya kidole kwenye ndoo ya karibu, akalamba, akafumba macho.

"Mke wangu," alisema kwa heshima kubwa, "hii ni wanzuki."

"Usilitaje hilo neno ndani ya nyumba hii!"

"Nisilitaje vipi na lenyewe linanitazama?"

Wanzuki ni pombe ya asali, na Tabora hakuna mtu mzima asiyeijua harufu yake, hata yule ambaye hajaionja maishani. Na achari hii ilikuwa ya harusi ya Ramla, binti wa Bi Zabibu, nyumba ya Waislamu tangu babu wa babu. Pilau lilikuwa Jumamosi, wageni mia tatu, shehe akiwa mbele yao. Leonia alijishika kichwa kwa mikono yenye mapovu.

"Mana yanje," alisema, akimwita Mungu kwa lugha ya mama yake, kama afanyavyo Kiswahili kikimwishia. Kisha akamgeukia mumewe. "Asali uliirina lini?"

"Wiki iliyopita tu."

"Masega yalikuwa yamefunikwa?"

Ferdinandi akarudisha mswaki mdomoni.

"Nakuuliza, baba Ange. Nyuki walikuwa wameshayafunika masega kwa nta?"

"Walikuwa wanakaribia," alisema Ferdinandi.

Mrina asali yeyote wa Sikonge anajua kwamba asali ambayo nyuki hawajaifunika bado ni maji matamu, na maji matamu hayakai bila kufanya vituko. Ferdinandi alijua. Lakini mwaka huu miyombo ilichanua vizuri, naye alitaka awe wa kwanza kuingia Ng'ambo, mtaani kwao, na asali mpya juu ya baiskeli, akipiga kengele njia nzima. Na Leonia naye, tusimtwishe mume mzigo wote, alikuwa na lake. Kanuni aliijua: sukari, ichemshwe mpaka iwe shira, ipoe ndiyo iingie. Alifundishwa na mama wa Kihindi aliyekuwa mwajiri wake miaka sita kule karibu na stesheni, Mama Kalpana, ambaye kijiko chenye tone la maji kilikuwa kinaweza kumharibia siku nzima. Ila kwa harusi hii Leonia alitaka achari ambayo watu wangeisimulia kutoka Tabora hadi Ujiji. Akatia asali. Tamaa mbele, mauti nyuma.

Miaka kumi na mmoja alikuwa amekaa Ng'ambo, na kwenye harusi zote za mtaa kazi yake ilikuwa kuosha masufuria. "Yule wa makazini," walimwita, kwa kuwa alizaliwa kwenye makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu na wazazi wake walitoka Burundi. Hawakumwita hivyo kwa ubaya kila mara, lakini walimwita. Mpaka Mzee Nurdini, baba yake Bi Zabibu, alipotoka hospitali mwezi wa nane na kukataa kula. Alikataa wali, akakataa uji, akaikataa hata supu ya kuku wa kienyeji. Leonia alimpelekea kikopo cha achari. Mzee aliigusa kwa ncha ya ulimi, akakohoa, akatokwa machozi, kisha akauliza ugali uko wapi. Tangu siku hiyo akala, mwili ukarudi, na Bi Zabibu akatangaza barazani kwamba achari ya Ramla ataitengeneza mama Ange na hakuna mwingine. Heshima hiyo ndiyo iliyokuwa inamwagika jikoni asubuhi ile.

"Mwangaluka, mama Ange!" sauti ikaita juu ya ua wa matete. Ilikuwa ya Minza, jirani, mwanamke wa Kisukuma mwenye bata watano na masikio mawili yanayofanya kazi ya kumi. "Mbona leo kunanukia hivi? Mnapika nini?"

"Achari."

Minza akavuta pumzi ndefu, akaishikilia, akaiachia taratibu.

"Achari ya kunywa?"

Hakungoja jibu. Leonia alisikia ndala zake zikienda upande wa kisimani, haraka kuliko siku zote, wala ndoo hakubeba.

*

"Tuichemshe," alisema Ferdinandi. "Ikichemka, ulevi unatoka na mvuke. Tia siki, ongeza pilipili mpaka walie. Nani atajua?"

Leonia aliwasha mkaa, akabandika sufuria kubwa, akamimina humo nusu ya ndoo ya kwanza. Msimcheke. Mtu anayezama hachagui cha kushika. Alikoroga, na mvuke ulipopanda akasema moyoni kwamba kweli, nani atajua?

Kisha akamkumbuka Mzee Nurdini. Mzee yule alikuwa haoni vizuri jicho la kushoto, na kila Leonia alipompelekea chakula hakuuliza kuna nini kwenye kijiko. Alikuwa anafungua mdomo tu.

"Epua," alisema.

"Haijachemka."

"Epua, Ferdinandi. Naenda kumwambia mwenye shughuli."

"Leonia, watakula nyama yako badala ya pilau!"

"Mficha maradhi, kilio humuumbua. Nipe kitenge changu."

Alichota bakuli moja la achari ile, akalifunika kwa kawa, akatoka. Kutoka kwake hadi kwa Bi Zabibu ni mitaa mitatu, lakini habari za Minza zilikuwa zimeshapita zote. Fundi baiskeli wa kona aliinua kichwa akamwita kwa sauti ya juu, "Mama Ange, niwekee glasi moja, sitaki harusi inipite!" Vijana waliokaa naye wakaangua kicheko. Leonia akatazama mbele. Akakaza mwendo.

Uani kwa Bi Zabibu wanawake kumi walikuwa wamekaa mikekani wanachambua mchele wa harusi. Alipoingia, nyungo zote zilisimama. Mmoja alivuta ungo wake na kuusogeza mbali naye, polepole, kama anayemwondolea kuku. Hilo lilimuuma Leonia kuliko glasi ya fundi baiskeli.

"Shikamoo, Bi Zabibu."

"Marahaba." Bi Zabibu alikuwa mwanamke mpana, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, na siku hiyo hakusema karibu. "Nimesikia umenipikia pombe."

"Sikukusudia. Lakini ulichosikia ni kweli."

Wanawake wakaguna kwa pamoja. Walikuwa wamejiandaa kwa kiapo, kwa machozi, kwa kusingiziwa Minza. Kwa hili hawakuwa wamejiandaa.

Leonia akafunua bakuli. "Nilitia asali badala ya sukari. Asali ilikuwa changa, imeumuka. Nusa mwenyewe."

Bi Zabibu akavaa miwani, ingawa pua haihitaji miwani, akainama, akanusa, akajiinua upesi. "Subhanallah."

"Mimi nilisema," alidakia yule aliyeusogeza ungo. "Nilisema shughuli ya Kiislamu apewe Muislamu. Kachumbari inatosha, tupike kachumbari."

"Kachumbari ni majani!" ikatoka sauti barazani. Ilikuwa ya Mzee Nurdini, amekaa kwenye kiti chake cha kamba na msuli mpya. "Pilau na kachumbari nimekula miaka sabini. Zabibu, mwite shehe atazame. Huenda haijafika kiwango."

"Baba, ulevi nao una kiwango?"

"Aseme yeye. Mimi si mwanachuoni. Mimi nina njaa tu."

Bi Zabibu akavua miwani. Jumamosi ilikuwa imefika mlangoni na mgeni wa kwanza alikuwa anatoka Nzega siku ile ile. "Haya, tumwite shehe. Akisema inafaa, basi."

"Usimwite," alisema Leonia. Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Akisema haifai, nitamwaga. Akisema inafaa, bado nitamwaga. Watu mia tatu watakula wakiwa na shaka, na chakula cha shaka hakishibishi mtu. Nipe siku zilizobaki, nitatengeneza nyingine."

"Uitengenezee wapi? Jikoni kwako kwa wanzuki?"

Leonia akatazama mikeka, nyungo, wale wanawake kumi. Achari ile ndiyo kitu pekee alichokuwa nacho Ng'ambo nzima ambacho mwingine hakuwa nacho. Hata Ferdinandi alikuwa hajui vipimo. Viungo alikuwa anavisaga mlango umefungwa.

"Hapa," alisema. "Hapa hapa uani kwako. Kila kinachoingia mkione kwa macho yenu, mkipime kwa mikono yenu. Atakayetaka kujifunza, ajifunze."

Mzee Nurdini akagonga fimbo sakafuni.

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nani anajua embe bichi ziko wapi?"

*

Ndoo zilimwagwa saa tano nyuma ya nyumba ya Leonia, mbele ya mashahidi wanne waliotumwa na Bi Zabibu na wengine ishirini waliojituma. Ferdinandi alizimwaga mwenyewe, moja baada ya nyingine, kwa uso wa mazishini. Ya tatu ilipoingia ardhini alivua kofia.

Kilichofuata kilisimuliwa Ng'ambo kwa wiki nzima. Bata watano wa Minza walipenya uani, wakafika kwenye lile dimbwi la embe tamu, wakaanza kula. Bata hajui ukali wa pilipili. Walikula kwa shangwe, wakala mpaka shingo zikavimba, na ilipokaribia adhuhuri wakaonekana barabarani wakienda mstari mmoja uliopinda. Dume lilimkimbiza mbwa wa duka la dawa. Jike moja lilikaa katikati ya njia, likakataa kumpisha mwenye toroli. Watu walitoka majumbani, mafundi wakaacha cherehani, watoto wakawafuata kwa nyimbo.

"Bata wangu!" Minza alipiga kelele, mikono kichwani. "Mmenilevya bata wangu!"

"Ulisema mwenyewe," Ferdinandi alimwambia. "Ya kunywa."

Hata Leonia alicheka. Alicheka mpaka akakaa chini, na katikati ya kicheko akaona kwamba machozi mengine hayakuwa ya kicheko, akayafuta yote kwa pamoja. Kisha akainuka, kwa sababu maembe hayakuwa yamechumwa.

*

Walichuma kwenye miembe ya zamani ya njia ya Kwihara, ile ambayo watu husema iliota kwa kokwa za wapagazi waliopita na meno ya tembo. Ferdinandi alipanda, wanawake walitandaza vitenge chini na kumpigia kelele achague ngumu, zisizo na manjano. Magunia matatu yalirudi juu ya baiskeli yake, na safari hii hakupiga kengele.

Alasiri yote uani kwa Bi Zabibu kulikuwa na mlio wa visu, na kimoja alikishika Minza. Maembe yalikatwa pamoja na maganda yake. Karoti zilikatwa vijiti. Ndimu zilipasuliwa mara nne. Leonia alipita katikati yao akitazama mikono.

"Kausha kisu, bibi. Kausha tena. Maji ndiyo adui. Na chumvi, usiogope, mimina. Itayanywa maji yote ya embe kabla jua halijamaliza kazi."

"Chumvi yote hii!" alisema Bi Zabibu. "Nesi wa zahanati ameniambia chumvi itamuua baba na presha yake."

"Nesi hakukosea. Kwa mzee ni nusu kijiko cha chai, wala asirudie. Na wengine nao, achari si mboga, usijaze sahani. Karoti ni nzuri kwa macho, embe bichi na ndimu ni nzuri kwa fizi, lakini hicho kijiko kimoja hakikupi afya. Afya iko kwenye maharage, kwenye mchicha, kwenye samaki. Sasa hivyo vyote vikipikwa huku mtu hana hamu, vinakusaidia nini? Chakula kisichoingia mdomoni hakina vitamini. Achari inafungua mlango tu."

"Basi mimi mlango wangu unakwama," alisema Mzee Nurdini kutoka barazani. "Nifanyie kijiko kizima."

"Nusu, babu."

"Nusu ya kijiko gani?"

Alhamisi walianika vipande juu ya bati la nyumba kwenye mikeka mipya, na jua la Oktoba likafanya kazi yake. Wanawake walikaa zamu wakifukuza kunguru. Saa nane wingu jeusi lilitokea upande wa Urambo na uani pakawa hapatoshi. Ngazi ikaletwa, mikono ikanyooshwa, mikeka ikateremshwa mbio, na yule wa ungo, aliyetaka kachumbari, ndiye aliyesimama juu ya bati akipokezana nao na kumwomba Mungu kwa sauti. Wingu likapita bila tone. Wakapandisha tena, wakilaumu na kucheka.

Ijumaa baada ya swala Leonia alikaanga viungo. Mbegu za haradali ziliruka kwenye mafuta ya alizeti, uwatu ukanukia, bizari ikageuza kila kitu rangi ya dhahabu, na pilipili ilipoingia ua mzima ulipiga chafya kwa zamu. Alitaja kila kipimo kwa sauti. Vijiko vingapi, moto kiasi gani, shira ipoe mpaka ukitia kidole usishtuke. Kila alipotaja kimoja alihisi kitu kinamtoka ambacho hakitarudi. Mwenye ungo alikuwa anaandika nyuma ya kalenda.

*

Jumamosi pilau lilipakuliwa saa saba. Leonia alisimama nyuma ya pazia la jiko, akaona masinia yanaingia kwenye turubai la wanaume, kila moja na kibakuli cha achari katikati, inang'aa. Akaona mikono inaingia kwenye pilau. Kwenye kibakuli haikuingia hata mmoja.

"Hii ndiyo ile ya kulewa?" aliuliza mtu, na wenzake wakacheka, na mwingine akakisukuma kibakuli pembeni kwa kidole kimoja.

Siku tatu, magunia matatu, siri yake yote nyuma ya kalenda, na kibakuli kinasukumwa kwa kidole. Bi Zabibu, kando yake, alikunja uso na kushika pazia, lakini mama wa bibi harusi haingii turubai la wanaume kugombana.

Aliyeingia ni Minza. Alikuwa amebeba jagi la maji ya kunawa, kanga begani, na hakuomba ruhusa ya mtu.

"Ya kulewa ipi?" aliuliza, na sauti yake inafika mbali hata asipotaka. "Ya kulewa walimaliza bata wangu Jumatano! Watano! Halikubaki tone! Mimi ndiye niliyewabeba kuwarudisha nyumbani, kwapani wawili wawili, wanaimba! Hii mnayoiona nimeikata kwa mikono hii, na wenzangu wamekaa juu ya bati wanafukuza kunguru. Asiyetaka anipe mimi!"

Turubai lilipasuka kwa kicheko. Shehe mwenyewe alitikisika mpaka akashika kofia. Na kicheko kikiwa bado hewani alinyoosha mkono, akachukua kipande cha embe, akakiweka juu ya tonge. Akatafuna. Akaacha kutafuna. Akapangusa jicho, akachukua kingine.

Baada ya hapo Leonia hakuona tena vizuri, kwa kuwa macho yake yenyewe yalikuwa yamejaa. Alisikia tu. "Lete achari huku!" "Sinia letu mmelisahau!" "Dada, na huku!" Mzee Nurdini alikula nusu kijiko chake, akala sahani nzima ya pilau, kisha akaiba kijiko kizima alipodhani hakuna anayemwona. Vibakuli vilirudi vimepanguswa kwa vidole. Bi Zabibu alimshika Leonia mkono mbele ya watu wote, akamketisha kwenye mkeka wa wapishi, akampakulia mwenyewe.

*

Jumatatu asubuhi Leonia alikuwa tena anafua. Furaha ilikuwa imepoa kidogo na hesabu nyingine ilikuwa imeingia kichwani: wanawake kumi sasa wanajua. Kalenda ile ingepita nyumba kwa nyumba. Ferdinandi alikuwa amekwenda Sikonge, ameapa hatagusa sega ambalo halijafunikwa.

"Hodi!" Mlangoni alisimama mwanamke asiyemjua, amevaa baibui, jasho usoni. "Natoka Isevya. Mwanangu anaolewa mwezi ujao. Nimeambiwa huku anakaa yule mama aliyemwaga."

Leonia akasimama na shuka mkononi. "Aliyemwaga?"

"Achari. Ndoo nne."

"Dada, nisikudanganye. Wanawake wa mtaa wa Bi Zabibu wote wanajua kuitengeneza sasa, na wengine ni Waislamu wenzako. Kuna mmoja ameiandika yote."

"Nimetoka kwake. Amenionyesha na kalenda." Mgeni akajifuta jasho kwa ncha ya mtandio. "Nikamuuliza, ikikuharibikia utaniambia, au utaichemsha uniletee? Akaikunja kalenda, kisha akasema, ngoja nikuelekeze nyumba." Akachungulia nyuma ya Leonia, uani, kama anayemtafuta mwingine. "Ndiye wewe?"

Leonia aliliweka shuka kwenye beseni, akakausha mikono vizuri, mpaka katikati ya vidole.

"Ndiye mimi niliyemwaga," alisema. "Karibu ndani."